Mashine ya kufyatulia matofali kwa bajeti ndogo: ya mkono au ya haidroliki?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tuna kiwanja Uru, juu kidogo ya Moshi mjini. Tunataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu kwa matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji yenye meno yanayoingiana, na tumeamua kununua mashine yetu ili tufyatue wenyewe nyumbani, baadaye tuwafyatulie na majirani. Fundi mmoja anatushauri tuchukue ya haidroliki yenye injini ya dizeli, kwamba ya mkono itatuchelewesha. Bei zake zimepishana sana na hela yetu si nyingi. Tununue ipi, na tuangalie nini tusije tukauziwa chuma chakavu?"

Marahaba, dada. Nunueni ya mkono, inayofyatua tofali moja moja, iliyotengenezwa na karakana ambayo mnaweza kuifikia kwa daladala siku pini itakapokatika. Ya haidroliki, inayobana kwa nguvu ya oili inayosukumwa na injini, msiinunue kwa nyumba moja. Mkiona inawafaa siku za mbele, anzeni kwa kuikodi. Ila kabla ya kutoa hata shilingi ya mashine, chimbeni udongo wenu muupime, maana kuna viwanja hapo Uru na Kibosho ambavyo udongo wake hautakubali mashine yoyote mpaka uchanganywe na kitu kingine, na gharama ya hicho kitu inaweza kubadilisha hesabu yote.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayowaonyesha kwa nini fundi wenu amekosea. Tofali la kufungamana lililozoeleka Tanzania, lile ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umekuwa ukilitangaza kwa miaka mingi, lina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Upande unaoonekana ukutani ni 300 kwa 100, kwa hiyo mita moja ya mraba inakula matofali 33. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina mzunguko wa mita 36. Ongeza kuta za ndani, tuseme mita 24, unapata mita 60 za ukuta. Kwa kimo cha mita 2.7 ni mita za mraba 162. Toa milango na madirisha, zibaki kama 140. Hapo unahitaji matofali 4,620, na ukiweka ya kuvunjika na ya majaribio, sema 5,000.

Mashine ya mkono yenye watu watano au sita waliokwisha kuzoeana inatoa matofali 300 kwa siku bila kuwaua. Wapo wanaofika 400 na zaidi, lakini msipange bajeti kwa siku nzuri. Kwa 300, nyumba yenu ni siku 17 za kufyatua. Hata zikiwa 25 kwa sababu ya mvua na misiba, bado ni mwezi mmoja, na tofali lenyewe linahitaji siku 28 za kukomaa kabla halijabeba nyumba. Mashine ya haidroliki itakayofyatua yote kwa siku tatu haiwapunguzii hata siku moja ya huko kukomaa.

Halafu kuna jambo ambalo wauza mashine hawalitaji. Kinachochelewesha kazi hii ni udongo: kuuchimba, kuukausha, kuuchekecha, kuuchanganya. Matofali 2,000 yanataka karibu mita za ujazo 15 za udongo uliolegea na kuchekechwa. Kijana mmoja mwenye chekecheo na beleshi, udongo ukiwa mkavu, hawezi kuzidi mita za ujazo mbili au tatu kwa siku. Kwa hiyo mashine inayotangazwa kutoa 2,000 kwa siku inawadai vijana sita wa kuchekecha tu, na kama hamna mchanganyio wa injini, wengine wanne wa kugeuza. Ukikosa hao, injini inanguruma na dizeli inaungua huku mashine ikisubiri udongo. Nyumbani kwa mtu ndivyo inavyokuwa karibu kila mara.

Bei nazo zigawanyeni kwa matofali. Chukua bei ya mashine, gawa kwa idadi mtakayofyatua kwa uhakika, si mnayoiota. Mashine ya shilingi milioni moja kwa matofali 5,000 inaweka shilingi 200 juu ya kila tofali. Ikigharimu milioni kumi, ni shilingi 2,000 kwa kila tofali, na hapo hamjanunua dizeli, oili wala sili. Majirani wasiingizwe kwenye hesabu mpaka mmoja wao awe ametoa kianzio. Mkipata mtu anayekodisha mashine nzuri ya mkono kwa siku, mlinganishe vilevile: siku 25 za kukodi dhidi ya bei ya kununua kutoa bei mtakayoiuzia baadaye. Mashine ya mkono iliyotunzwa huuzika, ndiyo maana kwa wengi kununua kunashinda.

Sasa udongo. Kwa 5,000 mnahitaji mita za ujazo zisizopungua 35 za udongo uliolegea. Ni roli la mita tano, safari saba au nane, kama hamtauchimba hapo hapo. Watu wa mlimani mna bahati kwamba shimo la maji taka na msingi vinatoa sehemu kubwa ya huo. Lakini udongo wa juu wa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, usiuguse. Umetiwa samadi na majani ya migomba tangu enzi za babu, ni mweusi, mwepesi, na unanuka ukiloweshwa. Uozo huo unaizuia saruji kushika: tofali linatoka zuri mashineni, wiki mbili baadaye unalikwangua kwa kucha na linamomonyoka. Ondoeni tabaka lote jeusi, iwe nusu mita au mita nzima, mpaka mfikie udongo mwekundu au wa kahawia usio na mizizi. Huo mweusi rudisheni shambani.

Huo mwekundu nao una tabia yake. Kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro huwa na mfinyanzi mwingi, unanata, na ukikauka unasinyaa. Ukishuka tambarare, kuelekea Himo au upande wa mashamba ya miwa ya TPC, utakuta mahali mchanga umezidi, na mahali pengine udongo mweusi wa mbuga unaopasuka mipasuko mipana kiangazi. Huo wa mbuga msiutumie kabisa, hata mkishawishiwa kuuongezea saruji. Kwa wanaotusoma wa Arusha, shida yenu mara nyingi ni kinyume: majivu ya volkano ni mepesi na hayana mnato, tofali linavunjika kona linapotolewa kwenye boksi. Dawa ya wote ni kuchanganya. Mwekundu wa juu ukikutana na mchanga wa mtoni, au majivu yakikutana na udongo mwekundu kidogo, mnapata mnachokitaka.

Kipimo cha kusinyaa kinafanyika nyumbani na hakina gharama. Mwambieni seremala awatengenezee kisanduku cha mbao kisicho na kifuniko, ndani kiwe na urefu wa milimita 600, upana 40 na kina 40. Pakeni oili ndani. Chukueni udongo uliochekechwa, uloweni mpaka uwe tope zito linaloshikana, jazeni mkishindilia kona kwa kijiti, lainisheni juu, acheni juani siku tatu au kivulini siku saba. Utakapokauka utakuwa umejivuta. Usukumeni wote upande mmoja, mpime pengo kwa rula. Pengo likiwa chini ya milimita 12, mchanga umezidi. Ongezeni udongo wenye mnato, la sivyo kona zitavunjika. Kati ya 12 na 25, udongo ni mzuri sana na saruji moja kwa udongo kumi na sita inatosha kwa matofali ya kawaida. Kati ya 25 na 40, moja kwa kumi na nne. Kati ya 40 na 50, moja kwa kumi na mbili. Likizidi 50, au udongo ukijikunja katikati kama mgongo, changanyeni mchanga mpime upya.

Vipimo hivyo ni vya matofali yanayojengwa kwa udongo wa kuunganishia kila mahali. Ya kufungamana yanapangwa makavu, na meno yake membamba ndiyo yanayoumia kwanza. Kwa hiyo mimi sishuki chini ya moja kwa kumi na nne hata udongo ukiwa mzuri kiasi gani, na kwa kuta za nje za nyumba inayopigwa na mvua ya mlimani ningetumia moja kwa kumi na mbili. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni takriban lita 35, yaani ndoo ya lita 20 moja na robo tatu. Moja kwa kumi na mbili basi ni mfuko mmoja kwa ndoo 21 za udongo uliochekechwa, zilizokatwa sawa juu. Mfuko mmoja hapo unatoa matofali 60 hivi. Kwa 5,000 ni mifuko 83. Anayekuahidi matofali 120 kwa mfuko anakuuzia udongo mkavu wenye rangi ya saruji.

Udongo ukishajibu, ndipo mwende karakana. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Moshi na Arusha, CAMARTEC na TEMDO, taasisi za serikali za zana na mitambo, ziko Arusha, na mafundi binafsi wa kuchomelea wapo kila mtaa. Zipo pia mashine kutoka Nairobi kama za Makiga, na za haidroliki za Hydraform kutoka Afrika Kusini. Jina la mtengenezaji ni mwanzo tu. Mashine za mkono karibu zote ni wajukuu wa mashine moja, CINVA-Ram, aliyoibuni Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950: boksi la chuma, pistoni chini yake, kifuniko juu, na mkono mrefu unaosukuma pistoni juu kupitia maungio yenye pini. Kwa kuwa umbo ni lile lile, tofauti ya nzuri na mbovu iko kwenye unene wa chuma, usawa wa kona na ugumu wa pini.

Nendeni na tepu, skwea ya chuma, na kama mna rafiki fundi mkereza, aje na vernia, kile kipimo cha kupimia hata sehemu ya milimita. Fungueni kifuniko muweke skwea kwenye kona zote nne za boksi, juu na chini. Mwanga ukipita katikati ya skwea na ukuta wa boksi, joto la kuchomelea limelipinda, na halitanyooka tena. Pimeni urefu na upana wa ndani mahali patatu. Boksi zuri limetengenezwa kwa pleti ya milimita 8 au 10, na ndani lina pleti nyingine za kuvalisha zilizofungwa kwa bolti. Hizo za ndani ndizo zinazoliwa na mchanga. Mchanga wetu wa volkano una kingo kali, unakula chuma haraka kuliko wa mtoni. Kama pleti za ndani zimechomelewa moja kwa moja, siku zikiisha mashine nzima imeisha. Kama zimefungwa kwa bolti, mnabadilisha na kuendelea.

Halafu shikeni mkono wa mashine, muutikise kushoto na kulia. Mashine mpya isicheze hata kidogo kwenye pini kubwa. Ulizeni pini ni za chuma gani na kama zimepashwa moto na kuzimwa, yaani zimetiwa ugumu, au ni nondo laini iliyokatwa tu. Jaribuni kuikwangua ncha ya pini kwa faili la chuma, yaani tupa. Faili likiteleza bila kung'ata, pini ni ngumu. Likichukua chuma kwa urahisi, ni nondo, na baada ya matofali elfu mbili itakuwa imelika. Pini zizunguke ndani ya bushi, vile vipete vya chuma vinavyovalishwa kwenye matundu yake, zinazobadilishika, na kila bushi iwe na tundu la kupigia grisi. Mashine isiyo na tundu la grisi imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuifanyia kazi siku nzima.

Kwa nini nasumbuka na pini? Kwa sababu matofali haya hayana udongo wa kuunganishia wa kuficha makosa. Ukuta wa mita 2.7 ni mistari 27. Tofali likitoka na kimo kilichozidi milimita moja upande mmoja, na yote yakipangwa kuelekea upande huo huo, juu kabisa upande huo wa ukuta umeuzidi mwingine kwa milimita 27. Hapo fundi anaanza kuvunja vipande vya bati kuweka chini ya matofali, na ukuta unasimama juu ya vipande badala ya juu ya tofali zima. Pistoni inayocheza milimita tatu ndiyo inayotoa tofali la namna hiyo. Dalili ikianza katikati ya kazi, na kama meno ya tofali yanaruhusu, wekeni alama upande mmoja wa kila tofali na mgeuze mstari mmoja hivi, mwingine vile, ili kosa lijifute. Hiyo ni ya kuokoa kilichokwisha kufyatuliwa. Mashine yenyewe ipelekeni kwa mkereza.

Msilipe kabla ya kufyatua matofali kumi hapo hapo karakanani, kwa udongo wenu mliokwenda nao kwenye kiroba. Fundi atasema wake unatosha. Mwambieni kwa upole kwamba mashine itafanya kazi Uru, si hapo. Kila tofali lipimeni kimo kwenye kona nne. Tofauti ya zaidi ya milimita moja, kataeni. Kisha yapangeni yote kumi juu ya meza ya chuma iliyo sawa, mstari wima, bila kitu katikati, muweke pima maji. Meno yaingie yenyewe kwa mkono. Yakihitaji kugongwa, nafasi ni finyu mno na yatavunjika mkiyajenga. Yakicheza, ukuta utacheza.

Ulizeni pia vipande vya ziada. Mashine ije na umbo la nusu tofali na la tofali lenye mfereji wa kupitishia nondo na zege juu ya madirisha na milango na kwenye mkanda wa juu wa nyumba. Wengi husahau, wakaanza kukata matofali mazima kwa panga, na kila tofali linalokatwa hivyo hupasuka pasipotakiwa. Nyumba ya vyumba vitatu inahitaji nusu nyingi kuliko mnavyodhani: kila ubavu wa mlango na dirisha, mstari mmoja katika kila miwili.

Kufyatua kwenyewe kuna siri moja kubwa, nayo ni kipimo. Mashine ya mkono inabana mpaka kimo kile kile kila mara, mkono ukifika chini umefika. Kwa hiyo ukitia udongo kidogo, unapata tofali lenye vipimo sahihi lakini jepesi na dhaifu ndani, wala jicho halitaliona. Ukizidisha, mkono haushuki, vijana wanaanza kuurukia wawili wawili, na ndivyo pini zinavyokatika na boksi linavyopanuka. Ndiyo sababu mashine ya haidroliki ina faida ya kweli hapa: inabana kwa nguvu ile ile. Lakini baadhi yake hutoa vimo tofauti kwa sababu hiyo hiyo. Tengenezeni kisanduku cha kupimia cha mbao au kopo lililokatwa, likijazwa na kukatwa sawa juu liwe udongo wa tofali moja kamili. Mpataje kiasi? Anzeni na lita saba na nusu za udongo uliochanganywa, mfyatue, mwongeze au mpunguze kidogo kidogo mpaka mtu mmoja wa uzito wa kawaida aushushe mkono kwa kuuegemea kwa nguvu, bila kuruka. Tofali hilo lipimeni kwa mizani likiwa bichi. Litakuwa karibu na kilo 8 na nusu kwa lisilo na matundu, pungufu kwa lenye matundu. Huo uzito uandikeni ukutani kwa chaki. Asubuhi, mchana na jioni pimeni tofali moja. Likipishana na ule uzito kwa zaidi ya gramu 300, anayejaza amechoka au unyevu umebadilika.

Kabla ya kufunga kifuniko, anayejaza asukume udongo kwenye kona nne kwa vidole, kisha asawazishe. Pistoni inasukuma kutoka chini, kwa hiyo chini ya tofali hubanwa kuliko juu, na kona za juu ndizo zinazobaki laini. Hizo sekunde tatu za vidole zinaokoa kona nyingi kuliko saruji ya ziada. Vidole vitoke kabisa kabla mwenzake hajagusa kifuniko: mmoja awe ndiye anayefunga na ndiye anayesema "twende". Na pasiwe na mtu anayepita kwenye njia ya mkono wa mashine. Kufuli lake likiteleza, unarudi juu kwa kasi ya kuvunja taya.

Unyevu pimeni kwa kiganja. Finyangeni donge, liache alama ya vidole lakini lisiache maji mkononi. Liangusheni kutoka kimo cha mita moja juu ya ardhi ngumu. Likigawanyika vipande vinne au vitano, ni sawa. Likitawanyika lote kama unga, ongezeni maji. Likibandika chini kama chapati, mmeshazidisha, na kuongeza udongo mkavu wakati huo kunaharibu kipimo cha saruji, hivyo anzeni mchanganyo mwingine. Changanyeni saruji na udongo vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, mgeuze mara tatu au nne kutoka upande hadi upande, kisha nyunyizeni kwa keni ya kumwagilia. Ndoo ikimwagwa kwa mkupuo inatengeneza vidonge ambavyo saruji haiingii ndani.

Saruji ikishakutana na maji, mna dakika 45 hivi. Kasi yenu ya 300 kwa siku ni kama matofali 40 kwa saa. Nusu mfuko unatoa 30. Basi nusu mfuko ndiyo kiwango cha juu cha mchanganyo mmoja, na wiki ya kwanza mkijifunza, robo mfuko. Wanaochanganya mfuko mzima asubuhi ili "kuokoa muda" wanafyatua matofali thelathini ya mwisho yakiwa na saruji iliyokwisha kuanza kushika, na ndiyo yatakayomomonyoka. Mchanganyo uliolala chakula cha mchana mwageni njiani, msiurudishie maji.

Matofali yakikataa kutoka vizuri, mashine inawaambia sababu. Kona za juu zikivunjika kila mara, udongo ni mkavu au una mchanga mno, au vidole havikupita. Tofali likipasuka mlalo katikati kama kitabu kinachofunguka, mmejaza kupita kiasi au mkono umeshushwa kwa kishindo na hewa ikabanwa ndani. Mkipunguza kipimo na kushuka taratibu linaacha. Likichunika ubavuni na kubaki boksini, ni bichi mno au boksi limekauka. Futeni ndani kwa kitambaa chenye dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kila baada ya matofali ishirini. Na kama ghafla matofali yote yanatoka na ukingo mwembamba kama unywele unaochomoza pembeni, pleti za ndani zimelika, wakati wa kuzibadilisha.

Kukomaza nako kusipuuzwe, na mlimani mna vifaa vya bure. Tofali bichi lishikwe kwa viganja viwili, lipangwe kivulini juu ya ardhi iliyosawazishwa, safu moja tu siku ya kwanza. Lifunikeni kwa turubai la nailoni au majani ya migomba yaliyolaliana vizuri. Kesho yake anzeni kunyunyiza asubuhi na jioni, siku saba mfululizo, bila kuacha hata Jumapili. Baada ya hapo yapangeni juu kwa juu mistari mitano, myaache yamalize siku 28. Juni na Julai huko Uru mawingu hayatoki na baridi inachelewesha saruji. Msihesabu siku 28 za Julai sawa na za Februari, ongezeni wiki. Masika, Machi hadi Mei, udongo haukauki na haupiti kwenye chekecheo la milimita 5. Miezi hiyo chimbeni tu na kufunika.

Siku ya 28 chukueni matofali matatu bila kuchagua, mzamishe kwenye pipa la maji saa 24. Yakitoka na kona zake, na ukikwangua kwa msumari unapata mstari mwembamba tu, jengeni. Yakiyeyuka kingo, rudini kwenye saruji au kwenye ile tabaka nyeusi mliyodhani mmeimaliza. Mkitaka namba rasmi ya nguvu, TBS, shirika la viwango, wanapima kwa ada. Pamoja na hayo, msingi uwe wa mawe, mistari ya kwanza ijengwe kwa saruji, na mabati yatoke nje ya ukuta angalau sentimita 60. Tofali la udongo halipendi mvua ya kuteleza ukutani mwaka hadi mwaka.

Haidroliki ina mahali pake. Mkifika hatua mna oda za nyumba tatu au nne zilizolipiwa kianzio kwa mwaka, mna mchanganyio wa injini, na kuna fundi Moshi anayeweza kubadilisha sili na paipu za mafuta bila kuagiza kutoka nje, ikodini kwa nyumba moja mwone. Vumbi la volkano likiingia kwenye oili linaitafuna pampu, kwa hiyo oili na chujio vibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, na tangi lisifunguliwe karibu na wanaochekecha.

Hela itakayobaki baada ya kununua ya mkono igawanyeni hivi: machekecheo mawili ya wavu wa milimita 5, mizani, turubai tatu kubwa, pini na bushi za akiba seti moja mlizotengenezewa na karakana ile ile siku mliyonunua mashine. Na malipo ya karakana yasiishe siku ya kuchukua. Kubalianeni kwa maandishi kwamba sehemu ya mwisho, hata moja ya kumi, mtailipa mkishafyatua matofali 500 Uru na kona zikapimwa tena. Fundi anayejiamini hatakataa, na atakuja mwenyewe kuyaona.